Bima imekataa kiti cha umeme kwa sababu mzee anaweza kufika msalani

Binti wa Uvira aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote, na wakubwa shikamooni.

Naomba mawazo ya wale wanaoishi hapa Marekani na wanaozifahamu bima za serikali. Baba yetu amepita miaka sabini. Alikuja na familia kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akafanya kazi katika kiwanda cha nyama mpaka nguvu zilipomwishia, na sasa ni raia. Ana Medicare kwa sababu ya umri na Medicaid kwa sababu ya kipato kidogo. Kiharusi kilimpooza mkono wa kulia na kuudhoofisha mguu wa upande huohuo. Ndani ya nyumba hujikongoja kwa mkongojo wenye miguu minne, huku akishika ukuta, meza na migongo ya viti, na mara nyingi mmoja wetu humfuata nyuma kwa kuhofia asianguke.

Daktari wake alimwombea kiti cha magurudumu cha umeme. Jibu lililorudi ni kwamba ombi halikukubaliwa, kwa kuwa kumbukumbu za matibabu zinaonyesha mgonjwa anaweza kutembea kwa mkongojo kutoka kitandani hadi msalani. Nilipopiga simu kuuliza kuhusu kanisani, duka la Warundi tunakonunua dagaa na unga wa muhogo, au hata sanduku la barua lililo ng'ambo ya maegesho, niliambiwa kwa upole kabisa kwamba mambo ya nje ya nyumba hayaingii katika hesabu. Mzee aliyekuwa akiongoza maombi kila Jumapili sasa husubiri wenzake wamtembelee, nao wengi wanafanya kazi za zamu. Kule kambini jirani yeyote angemsukuma hata kwa kiti cha kuazima. Hapa majirani wote wako kazini, na sisi pia.

Juu ya hayo, ofisa wa ustawi wa jamii ametushauri tuanze kufikiria kumpeleka kwenye kituo cha wazee, ambako, kwa maneno yake, Medicaid italipa kila kitu. Nimeshindwa kuelewa inakuwaje serikali ikose fedha za kiti kimoja, kisha ipate fedha za kumlaza na kumlisha mtu mwaka mzima.

Je, ni kweli kwamba sheria inatazama ndani ya nyumba peke yake? Je, ipo njia nyingine ya kukipata kiti hicho? Na je, kwa mtu wa hali yake, kimebaki kituo cha wazee tu?

---

Fizio wa Houston alijibu:

Dada, pole kwa kuuguza, na mzee mpe shikamoo yangu. Kazi yangu ni tiba ya viungo, na sehemu yake ni kuwapima watu wanaoombewa viti, kwa hiyo nitalijibu swali la kwanza kwa kirefu na kuyaacha mengine kwa wanaoyajua vizuri zaidi.

Ulichoambiwa ni kweli kwa upande wa Medicare. Sheria iliyoianzisha bima hiyo mwaka 1965 iliviweka viti vya magurudumu katika kundi moja na vitanda vya hospitali na vifaa vya oksijeni, na ikavitaja kuwa ni vifaa vinavyotumika katika nyumba ya mgonjwa. Watetezi wa watu wenye ulemavu wamedai kwa miaka mingi kwamba maneno hayo yalikusudiwa tu kutenganisha vifaa vya nyumbani na vile ambavyo hospitali yenyewe inapaswa kumpa mgonjwa aliyelazwa. Wasimamizi wa Medicare, hata hivyo, wameyasoma kama sharti: kiti hulipiwa iwapo kinahitajika ndani ya nyumba, na anayekihitaji kwa ajili ya nje peke yake halipiwi. Akishakipata anaweza kwenda nacho popote apendapo, wala hakuna wa kumzuia. Kinachopimwa ni sababu ya kukiomba.

Kabla ya mwaka 2005 kipimo kilikuwa kikali zaidi, kwani ilibidi ionekane kwamba bila kiti cha magurudumu mtu angebaki kitandani au kitini tu. Mwaka huo utaratibu ulibadilishwa, na tangu hapo huulizwa kama mtu anaweza kutimiza zile shughuli za kila siku zinazomlazimu asogee, yaani kwenda msalani, kula, kuvaa, kuoga na kujisafi, katika sehemu za nyumba ambako shughuli hizo hufanyika kwa kawaida. Baada ya hapo vifaa hupandwa kama ngazi: kwanza mkongojo au fremu ya kutembelea, kisha kiti cha kusukuma kwa mikono, kisha skuta ya umeme, na kiti cha umeme huja mwisho. Kwa kila kipandio kilichorukwa lazima ielezwe kwa nini hakimtoshi mgonjwa.

Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama, na nadhani la baba yako limekwama papo hapo. Utaratibu hauishii kuuliza kama mtu anaweza kufika msalani. Unataja hali tatu, na moja tu inatosha: kwamba hawezi kabisa, kwamba anaweza lakini kwa kuhatarisha afya au maisha yake, au kwamba anaweza lakini si kwa muda unaofaa. Mtu anayefika msalani nguo zikiwa zimekwisha kulowa hawezi kuhesabiwa kuwa amefika. Wewe mwenyewe umeeleza kwamba anashika kuta na kwamba lazima afuatwe nyuma. Tatizo ni kuwa maelezo hayo yamo katika ujumbe wako na hayamo katika jalada lake. Daktari mwenye haraka huandika "anatembea kwa mkongojo", na sentensi hiyo hunakiliwa kutoka ziara moja hadi nyingine mpaka msomaji wa mbali aamini kwamba mgonjwa anatembea vizuri.

Ombeni miadi mpya ambayo shabaha yake ni uwezo wa kusogea na si kitu kingine, kwa sababu ziara ya ana kwa ana lazima iwe imefanyika ndani ya miezi sita kabla ya agizo la kiti. Daktari ampeleke pia kwa mtaalamu wa viungo atakayepima nguvu za mikono, mizani ya mwili, muda anaotumia kutoka kitandani hadi bafuni, pumzi na mapigo ya moyo akifika, na kila mara alipoanguka au kunusurika kuanguka. Atakayesoma ombi atauliza pia kwa nini mzee asipewe kiti cha kawaida kilichoshushwa chini, ambacho waliopooza upande mmoja hukiendesha kwa mkono mmoja na mguu mmoja wenye nguvu. Swali hilo lijibiwe kabla halijaulizwa: kama kinampinda kiuno, kama kinamkwaruza ukutani, kama baada ya mita chache huchoka, yaandikwe kwa vipimo. Muuzaji wa vifaa naye anatakiwa kuthibitisha kwamba kiti kitapita kwenye milango ya nyumba yenu, na mlango wa bafu ndio unaoleta taabu kuliko yote.

Isomeni tena ile barua. Viti vya umeme huhitaji kibali cha awali, yaani idhini inayotolewa kabla ya kiti kukabidhiwa, na ikiwa barua inahusu kibali hicho, basi hilo si jibu la mwisho. Halikatiwi rufaa, ombi hurekebishwa na kutumwa upya, na hakuna kikomo cha kulirudia. Rufaa huanza pale dai la malipo lenyewe linapokataliwa, na hapo mtu huwa na siku 120 kwa hatua ya kwanza. Nimeona familia zikikaa miezi zikingoja matokeo ya rufaa ambayo kisheria haikuwepo.

---

Mzee wa Zamu alijibu:

Mimi nasema tusizunguke. Mwambieni daktari kwamba mzee hawezi kusimama kabisa, aandike hivyo, mambo yaishe. Hao wanajua kukataa, na sisi tujue kuomba.

---

Fizio wa Houston alijibu:

Kaka, uchungu wako naufahamu, lakini ushauri huo usifuatwe. Nikiwa hapa Houston naweza kukueleza karatasi hizi zote zilitoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kaunti yetu ya Harris ilikuwa kitovu cha wizi wa viti vya umeme: wauzaji waliwaandikia watu wenye afya zao, wakalipwa, na mara nyingine kiti chenyewe hakikufika. Mwaka 2003 serikali ya shirikisho ilianzisha operesheni maalumu dhidi ya wizi huo, na tangu hapo kila ombi husomwa kwa jicho la mashaka. Jalada linalosema kwamba mwezi uliopita mgonjwa alitembea na mwezi huu hawezi kusimama, bila tukio lolote katikati, ndilo wanalolisubiri. Mzee huyu anastahili kwa hali yake ilivyo. Uongo utamharibia haki ambayo ukweli unampa.

---

Mshauri wa Magurudumu alijibu:

Dada, mimi mwenyewe natumia kiti cha umeme, na nafanya kazi katika kituo cha kujitegemea kwa watu wenye ulemavu, aina ya vituo vilivyoanzia Berkeley, California, mwaka 1972 na ambavyo sasa vipo katika kila jimbo. Nayachukua maswali yako ya pili na ya tatu pamoja, kwa sababu kwa kweli ni swali moja.

Njia nyingine ni Medicaid. Watu wengi hudhani kwamba Medicare ikishakataa, Medicaid nayo imefungwa na jibu hilo, na wauzaji wengine wa vifaa huwaacha waamini hivyo kwa kuwa hawataki kuandaa majalada mawili. Bima hizi mbili haziulizi jambo moja. Kanuni ya shirikisho iliyotolewa mwaka 2016 inasema kwamba vifaa vinavyotolewa chini ya huduma za nyumbani za Medicaid visiwekewe mpaka wa kuta za nyumba, bali viweze kutumika mahali popote ambapo shughuli za kawaida za maisha hufanyika. Kanisa ni mahali pa shughuli za kawaida za maisha, na ndivyo lilivyo duka la Warundi. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1998 majimbo yaliarifiwa kwamba hayawezi kumnyima mtu kifaa kwa sababu tu hakimo katika orodha yao. Lazima pawepo utaratibu wa kukiomba. Uhitaji wa kitabibu bado utadaiwa, na hapo kazi aliyoieleza Fizio itawafaa kwa bima zote mbili, ila safari hii mtaalamu wa viungo aandike pia umbali ambao mzee hawezi kuutembea nje na shughuli alizoziacha kwa sababu hiyo.

Medicaid hulipa ikiwa ya mwisho, kwa hiyo watataka kwanza karatasi ya Medicare inayoonyesha kukataa. Waulizeni kwa maandishi ni karatasi gani wataikubali, kisha tafuteni muuzaji aliyesajiliwa na bima zote mbili. Hata Medicare ikikubali baadaye, yenyewe hulipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinishwa, na kwa mtu mwenye bima zote mbili ile 20 inayobaki kwa kawaida huangukia Medicaid. Iwapo Medicaid nayo itakataa, inalazimika kutoa barua yenye sababu na kueleza haki ya shauri lake kusikilizwa. Tarehe ya mwisho someni katika barua yenu wenyewe. Ya rafiki wa jimbo jingine msiitegemee, kwani hutofautiana. Kila jimbo lina shirika la kisheria la kulinda haki za watu wenye ulemavu ambalo halimtozi mteja. Mzee ana haki pia ya mkalimani wa Kiswahili bila malipo, kwenye kliniki na kwenye shauri. Msikubali kumtumia mjukuu anayesoma darasa la sita. Nimeona neno "anajitahidi" likitafsiriwa kuwa mgonjwa anaendelea vizuri.

Sasa kituo cha wazee. Umeuliza inakuwaje fedha za kiti zikose na za kitanda zipatikane, na jibu limo katika muundo wa sheria kuliko katika mfuko wa serikali. Chini ya Medicaid kila jimbo linalazimika kulipia kituo cha uuguzi kwa mtu mzima anayestahili, ilhali huduma nyingi za kumsaidia mtu akiwa kwake, kama vile msaidizi wa kumwogesha, kumvalisha na kumpikia, zimeachwa kwa hiari ya jimbo. Mwaka 1981 Bunge lilifungua upenyo, mwaka uleule kilipojulikana kisa cha Katie Beckett, mtoto wa Iowa aliyekwama hospitalini kwa sababu Medicaid ilikuwa tayari kumlipia huko na haikuwa tayari kumlipia nyumbani kwao, kisa ambacho Rais Ronald Reagan alikisimulia hadharani. Tangu hapo majimbo yanaweza kuomba ruhusa ya kutumia fedha za kituo kumhudumia mtu akiwa katika jamii. Hiyo ndiyo mipango inayoitwa weva. Inaweza kulipia msaidizi, marekebisho ya bafu, hata njia ya mteremko mlangoni, ambayo Medicare hailipii kamwe. Udhaifu wake ni kwamba nafasi zina idadi, na nchini kote watu laki kadhaa wamo katika orodha za kusubiri, wengi wao wakiwa wenye ulemavu wa akili na wa makuzi. Mpango wa wazee katika jimbo lenu huenda usiwe na foleni ndefu, lakini mtu asiyejiandikisha hana foleni yoyote. Mwandikisheni wiki hii, hata kabla ya suala la kiti kwisha.

Ofisa akisema tena kwamba kituo ndiyo njia pekee, mtajieni kesi ya Olmstead. Lois Curtis na Elaine Wilson walikuwa wanawake wa Georgia wenye ulemavu wa akili na maradhi ya akili, waliozuiliwa katika hospitali ya jimbo ingawa wataalamu waliowatibu walikwisha kusema wanaweza kuishi nje. Tarehe 22 Juni 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, ilisema kwamba kumtenga mtu ndani ya taasisi pasipo sababu ni ubaguzi chini ya Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990. Hukumu hiyo ina masharti yake: wataalamu waone kwamba maisha ya nje yanamfaa, mwenyewe asipinge, na jimbo liweze kumudu kwa kuzingatia rasilimali zake na mahitaji ya wengine. Kwa hiyo haimpi mzee kiti wala msaidizi moja kwa moja. Inachofanya ni kulilazimisha jimbo lijieleze, na mimi nimeshuhudia majibu ya ofisini yakibadilika mara hukumu hiyo inapotajwa kwa jina katika barua.

Kuna jambo jingine ambalo sidhani ofisa alilieleza. Medicare haikihesabu kituo cha uuguzi kuwa nyumba kwa ajili ya vifaa hivi, kwa hiyo mzee akishalazwa humo, kiti kinatakiwa kitolewe na kituo kutoka katika malipo ya kila siku kinayolipwa kwa kumtunza. Kitakachotolewa kwa kawaida ni kile kiti cha kusukumwa kinachotumiwa na yeyote, ambacho hakikupimwa kwa mwili wa mtu. Bila kiti chake mwenyewe hawezi kuonyesha kwamba anaweza kujimudu nyumbani, na bila kwenda nyumbani Medicare haimpi kiti. Ipo nafuu ndogo, yaani kiti kilichokwisha kuidhinishwa kinaweza kuletwa siku mbili kabla ya kuruhusiwa, ili apimwe na kufundishwa kukitumia. Majimbo mengi pia yana mpango wa kuwasaidia waliokaa kituoni angalau siku 60 kurudi katika jamii. Lakini kuingia kituoni ni rahisi kuliko kutoka, na ningekuwa mimi, nisingeingia kwa sababu ya kukosa kiti.

---

Binti wa Uvira alijibu:

Nawashukuru sana. Nimeisoma tena barua, na kweli ni ya kibali cha awali. Tumeomba miadi mpya.

Naomba kuongeza jambo. Shangazi yetu alikuja kama mkimbizi mwaka 2023, anatembelea magongo na amepewa Medicaid, ila bado hajaomba kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa kuwa aliambiwa hakuna haraka. Je, naye aanze taratibu za kiti?

---

Mshauri wa Magurudumu alijibu:

Aanze, na aliyemwambia hakuna haraka asisikilizwe tena. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imepunguza makundi ya wahamiaji wanaostahili Medicaid kwa fedha za shirikisho, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026. Wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata kadi ya kijani hawamo tena katika makundi hayo. Mkimbizi huruhusiwa kuomba kadi baada ya kukaa nchini mwaka mmoja, na kwa aliyefika 2023 muda huo umekwisha kupita zamani. Aende kwenye shirika lililompokea au kwa mwanasheria wa wahamiaji aliyeidhinishwa, asiende kwa wajaza fomu wa mitaani. Vipimo na ombi la kiti vifanyike wakati bima ingali hai, kwa sababu kati ya kupimwa na kukabidhiwa kiti huweza kupita miezi mingi.

---

Fundi wa Moshi alijibu:

Naongeza machache upande wa kiti chenyewe. Nilisomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi pale hospitali ya KCMC, Moshi, na sasa natengeneza na kurekebisha viti huku Minnesota. Kule nyumbani viti vingi huja kwa misaada na mtu hupewa kilichopo, lakini tulifundishwa kwamba kumpima mtu huanzia kwenye njia anayopita: je, ni mchanga, kokoto, tope au sakafu? Huku nimekuta vipimo vya kitaalamu sana na swali la njia halimo.

Matokeo yake ni haya. Kiti kilichoombwa kwa hoja za ndani ya nyumba huja kikiwa kiti cha ndani ya nyumba. Medicare huvipanga viti vya umeme kwa makundi, na wazee wengi hupewa cha kundi la pili, chenye magurudumu madogo na tumbo lililo karibu na ardhi. Kwenye sakafu kinateleza vizuri. Kwenye kokoto za maegesho au barafu ya Februari hunasa. Vya kundi la nne, vilivyoongezewa uwezo kwa ajili ya nje, havilipiwi kwa sababu uwezo huo hauhitajiki sebuleni. Katikati lipo kundi la tatu, kwa watu ambao udhaifu wao umetokana na maradhi ya mfumo wa fahamu au ya misuli au maumbile ya mifupa ya kuzaliwa nayo. Kiharusi ni maradhi ya ubongo, kwa hiyo mtaalamu wa viungo aulizwe waziwazi kama mzee anaweza kuombewa kundi hilo, maana vina fremu imara na vinakubali kurekebishwa hali ya mtu inapobadilika. Tangu Mei 2023 Medicare inalipia pia kiti kinachoinuka kwa umeme katika kundi hilo, kwa mtu anayekihitaji, na kwa aliyepooza mkono mmoja huo ni msaada mkubwa anapohamia kitandani au kufikia kabati.

Mto wa kukalia usichukuliwe kama pambo. Aliyepoteza hisia upande mmoja anaweza kupata kidonda cha mgandamizo bila kujua. Na kabla ya kusaini, mwulizeni muuzaji ni nani atakayekuja betri ikifa, na kwa muda gani. Kwa Medicare kiti huhesabiwa kudumu miaka mitano, lakini matengenezo katikati ya miaka hiyo ndiyo yanayowaweka watu ndani kwa wiki nyingi, kwa kuwa watengenezaji huzuia vipuri na programu za kurekebishia. Colorado ilikuwa ya kwanza, mwaka 2022, kutunga sheria ya kumpa mwenye kiti cha umeme haki ya kukitengeneza mwenyewe au kwa fundi amtakaye. Katika majimbo mengi bado mnategemea ratiba ya muuzaji.

---

Binti wa Uvira alijibu:

Fundi, maneno yako yamenifanya nitoke nje nikaangalie. Mbele ya mlango wetu kuna ngazi tatu za saruji. Mwenye nyumba alikwisha kusema kwamba hataki njia ya mteremko kwa kuwa itaharibu sura ya jengo. Tunaweza kumlazimisha?

---

Mshauri wa Magurudumu alijibu:

Sura ya jengo si sababu inayokubalika. Sheria ya Makazi ya Haki, ilivyorekebishwa mwaka 1988, inamkataza mwenye nyumba kumzuia mpangaji mwenye ulemavu kufanya marekebisho ya busara anayoyahitaji ili atumie makazi yake, ikiwemo njia ya kuingilia. Katika nyumba ya mtu binafsi gharama huwa ya mpangaji, na hapo ndipo mpango wa weva unaweza kusaidia. Ikiwa jengo linapokea fedha za shirikisho, sheria nyingine humtupia mwenye jengo gharama hiyo, isipokuwa iwe ni mzigo uliopita kiasi.

Chunguzeni pia jengo lilianza kukaliwa lini. Majengo yenye makao manne au zaidi, yaliyoanza kukaliwa baada ya tarehe 13 Machi 1991, yalitakiwa tangu mwanzo yawe na njia ya kuingilia inayopitika kwa kiti. Kama lenu ni la baada ya tarehe hiyo na makao ya chini bado yana ngazi tatu mlangoni, kosa huenda ni la ujenzi na si suala la kuomba ruhusa tena.

Mwandikieni barua fupi yenye tarehe. Elezeni kwamba mpangaji ana ulemavu wa kutembea, taja marekebisho mnayoyaomba, ambatanisheni mchoro wa fundi na barua ya daktari isiyotaja maradhi yenyewe, na mbaki na nakala. Akikataa au akinyamaza, malalamiko hupelekwa wizara ya makazi ya shirikisho ndani ya mwaka mmoja, bila ada. Wakati mnasubiri, kituo cha kujitegemea cha eneo lenu kiulizwe kama kina njia ya mteremko ya aluminiamu ya kuazima. Pimeni kwanza kimo cha ngazi zote tatu kwa pamoja, kwani kwa kila inchi moja ya kimo mnahitaji futi moja ya urefu, na ngazi tatu za kawaida zitawadai karibu futi 21.